Mtoto wa kwanza na mgeni wa wiki ya kwanza: Ziara za nyumbani zina faida kiasi gani?

Mtoto wa kwanza huwakuta wazazi wake wakiwa wanafunzi. Katika desturi zetu wanafunzi hawa hawakuachwa peke yao. Binti alirudi kwa mama yake kujifungua, au mama mkwe na shangazi walihamia kwake kwa siku 40 za nifasi, wakimwonyesha namna ya kumpakata mtoto, kumnyonyesha na kumtambua anapoumwa.

Katika Kolandoto, kata iliyo kaskazini ya mji wa Shinyanga, pale barabara ya Lalago inapochepuka kutoka ile iendayo Mwanza, zipo familia nyingi changa ambazo hazina tena ngome hiyo. Kijana huoa, kisha akafuata riziki katika maduara ya dhahabu ya Geita au Kahama. Mke hubaki katika chumba cha kupanga, na mama yake mzazi yuko mkoa mwingine. Hospitali ya Kolandoto, iliyoanzishwa na wamisionari zaidi ya miaka 100 iliyopita, iko karibu. Lakini mama akisharuhusiwa kutoka wodini, usiku wa kwanza nyumbani ni wake peke yake.

Ndiyo maana wazo la mhudumu wa afya kumtembelea mzazi nyumbani limepata nguvu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalishauri ziara ya kwanza ifanyike ndani ya saa 24 baada ya mtoto kuzaliwa, ya pili siku ya 3, na ikiwezekana ya tatu kabla ya kuisha siku ya 7. Mama aliyejifungua hospitalini atembelewe mapema kadiri inavyowezekana baada ya kurudi nyumbani. Nchini kwetu, Januari 2024, Serikali ilizindua mpango wa kuwapata wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka 5. Swali tunalopaswa kuliuliza kama wazazi na kama jamaa wa misikiti ni hili: je, ziara hizi zinafaa kweli, na tutajuaje?

Jibu la karibu zaidi linatoka hapa hapa Tanzania. Kati ya mwaka 2010 na 2013, katika wilaya 6 za Lindi na Mtwara, ulifanyika mpango ulioitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Kata 132 ziligawanywa kwa kura: nusu zilipata wahudumu wa kujitolea wa kuwatembelea wajawazito na wazazi, na nusu ziliendelea na huduma za kawaida. Wahudumu 824 walibisha hodi mara 3 wakati wa ujauzito na mara 2 baada ya kujifungua.

Matokeo yalikuwa na sura mbili. Katika kata zilizotembelewa, akina mama 42 katika kila 100 walimnyonyesha mtoto ndani ya saa 1 ya kwanza, ilhali kwingine walikuwa 30. Kwa waliojifungulia nyumbani, usafi wa uzazi uliongezeka. Hata hivyo, watafiti hawakupata ushahidi kwamba vifo vya watoto wachanga vilipungua.

Matokeo haya hayapaswi kutuvunja moyo, ila yatufunze. Mhudumu anaweza kubadili yale yaliyo mikononi mwa familia: kunyonyesha, usafi, kumtunza mtoto asipate baridi, kuwahi hospitali. Lakini mtoto aliyezaliwa akishindwa kupumua, au aliyezaliwa kabla ya wakati, anahitaji mkunga mwenye ujuzi na vifaa. Takwimu za kitaifa zinatoa fundisho la jirani na hilo: kati ya mwaka 2015/16 na 2022 wanaojifungulia vituoni waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81, lakini vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 25 hadi 24 tu kwa kila vizazi hai 1,000. Kufika kituoni ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni ubora wa huduma inayomsubiri mama anapofika. Kwa hiyo mpango wa ziara usioambatana na wodi iliyo tayari umebeba mzigo usioweza kuufikisha.

Ughaibuni nako yapo mazingatio. Katika mji wa Elmira, jimbo la New York, kuanzia mwaka 1977 wauguzi waliwatembelea akina mama wa mtoto wa kwanza tangu ujauzito hadi mtoto alipotimiza miaka 2. Familia hizo zilipofuatiliwa miaka 15 baadaye, taarifa za watoto kuteswa au kutelekezwa zilikuwa pungufu kwa karibu nusu. Uingereza ikauchukua mpango huo huo na kuupima kwa mabinti 1,645 wenye umri wa miaka 19 au chini. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kuwa katika mambo makuu yaliyopimwa, kama uzito wa mtoto na uvutaji wa sigara, mpango haukuongeza faida. Sababu moja inayotajwa ni kwamba Uingereza kila mzazi tayari hutembelewa na muuguzi. Dawa moja hutofautiana matokeo kulingana na anayepewa. Basi atembelewe kwanza yule asiye na mtu.

Kutokana na hayo tunapendekeza mizani ambayo kamati ya msikiti au ya mtaa inaweza kuitumia mradi wowote unapobisha hodi. Kwanza, tusihesabu ziara tu. Ripoti ya ziara 500 haisemi lolote ikiwa mgeni alifika wiki ya 4 wakati hatari ilikuwa siku ya 2. Pili, tuulize nini kimebadilika: ni akina mama wangapi walinyonyesha mapema, ni watoto wangapi walifikishwa hospitali siku ile ile dalili ilipoonekana. Tatu, tulinganishe na mtaa usio na mradi, kwani mambo mengine huboreka yenyewe. Nne, tuulize ni nani hakufikiwa.

Upo pia wajibu wa mwenye nyumba. Dini yetu imetufundisha adabu ya kuomba idhini kabla ya kuingia katika nyumba za watu, na mgeni huyu anastahiki kufundishwa adabu hiyo: atoe salamu, angoje ruhusa, na atunze siri za aliowatembelea. Nasi tumpe nafasi ya kusema.

Lipo jambo la tahniki, ambalo ni Sunna na si faradhi. Ushauri wa afya ni kuwa mtoto asipewe chochote ila maziwa ya mama hadi miezi 6, na asali isitumike kabisa kabla ya kutimiza mwaka 1, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya sumu hatari. Familia, imamu na mhudumu walizungumze hili kabla ya mtoto kuzaliwa, wasije wakabishana mbele ya mzazi aliyechoka.

Na baba aliye machimboni asidhani ziara hizi hazimhusu. Atume nauli ya dharura kabla ya siku zake mkewe, naye azijue dalili za hatari: mtoto kukataa kunyonya, kupumua kwa haraka, degedege, joto kali au ubaridi wa mwili, kulegea, kitovu kutoa usaha. Ionekanapo hata moja, asisubiriwe mgeni wa kesho. Mtoto apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Jirani mwema hakuhitaji mradi ili abishe hodi. Kama Kolandoto kuna binti aliyejifungua mtoto wa kwanza naye hana mama wala shangazi karibu, ziara ya kwanza iwe yetu. Tunamuomba Allah awahifadhi watoto wetu na awape wazazi wao subira na maarifa. Amin.