Kakugonga akirudi nyumbani, bosi wake analipa?

ASIKWAMBIE mtu, ukigongwa na mtu aliyevaa fulana ya kampuni, wapita njia wanakuonea wivu. Mimi nimelala pembeni ya Barabara ya Mandela, pale kituo cha External, mguu wa kulia umegeukia kusikojulikana, na jamaa mmoja ananiinamia sikioni: "Pole kaka, lakini umeula. Huyu ni wa kampuni, hawa wana mshiko!"

Nilimwamini. Hata maumivu yalipungua kidogo.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili kasoro jioni. Daladala ilisimama ghafla, gari dogo lililokuwa nyuma yake likahama njia kuikwepa, likanifuata mimi niliyesimama nasubiri usafiri. Dereva hakula kona. Alishuka anatetemeka, "Kaka nisamehe, kaka nisamehe," akanipakia yeye mwenyewe. Tukapita polisi kuchukua PF3, kisha hospitali, nikafungwa hogo mpaka juu ya goti.

Wiki ya pili nikamtuma mdogo wangu kwenye kampuni hiyo na risiti za hospitali. Alirudi na risiti zilezile. Bwana mkubwa wa utumishi alimjibu kwa upole kabisa: "Mwambie kaka yako tunampa pole sana. Lakini gari ni la kijana mwenyewe, si letu. Na saa za kazi zilikuwa zimekwisha, alikuwa anarudi kwake Kimara. Hapo sisi hatumo."

Kubwa kuliko yote, gari lile bima yake ilikuwa imekwisha zamani! Kwa sheria yetu kila gari linaloingia barabarani lazima liwe na bima ya mtu wa tatu, ili mtu kama mimi akiumia awepo wa kulipa. Huyu hakuwa nayo. Akabaki yeye na mshahara wake, ambao hata mimi nilimwonea huruma.

HAWATANII, WANA HOJA

Nikajikongoja na magongo yangu hadi kwa mshkaji wangu mmoja niliyesoma naye, siku hizi ni wakili. Nilitegemea atarusha mikono juu kwa hasira. Badala yake akaniambia, "Kwa hayo uliyonieleza, bwana, wana hoja."

Akanipa darasa. Bosi hulipia kosa la mfanyakazi wake hata kama yeye mwenyewe wakati huo alikuwa kwake anakunywa chai, mradi mfanyakazi amekosea akiwa katika kazi aliyotumwa. Kanuni hii ni ya Waingereza. Iliingia Tanganyika pamoja na sheria zao zilizokuwa zikitumika hadi tarehe 22 Julai 1920, na mahakama zetu bado zinaitumia.

Lakini kanuni ina mpaka. Kutoka kwako kwenda kazini, na kutoka kazini kurudi kwako, hiyo kwa kawaida ni safari yako. Bosi hakukuajiri uamke wala urudi kulala. Kwa hiyo ukimgonga mtu njiani asubuhi, hata kama umevaa sare na kitambulisho kinaning'inia shingoni, mzigo ni wako.

Hata gari likiwa la bosi, mambo si mteremko. Mahakama inaweza kuanza kwa kudhani kwamba dereva katumwa na mwenye gari, lakini mwenye gari akileta ushahidi kwamba hakumtuma, dhana hiyo inaanguka. Mwaka 1869 kule Uingereza iliamuliwa kesi ya mfanyabiashara wa mvinyo. Alimtuma mwendesha mkokoteni wa farasi pamoja na karani wapeleke mzigo na kurudisha chupa tupu. Walipokuwa wanarudi, karani akamshawishi mwenzake wapitie sehemu nyingine kwa shughuli yake binafsi. Huko wakamgonga mtu. Mkokoteni wa tajiri, farasi wa tajiri, wafanyakazi wa tajiri, na tajiri hakulipa hata senti! Mahakama ilisema ile ilikuwa safari nyingine kabisa.

"Basi nimekwisha," nikamwambia.

"Bado. Nijibu swali moja. Safari ile ilikuwa ya nani?"

GARI LAKE, BIMA HANA, BOSI KALIPA

Akanisimulia kesi nyingine ya Uingereza, na hapo ndipo nilipokaa vizuri kitini. Agosti 1977 mwajiri mmoja aliwatoa wafanyakazi wawili kwenye mtambo wa umeme wa Drakelow, akawapeleka Pembroke, Wales, kwa kazi ya haraka. Aliwalipa mshahara wa saa za kusafiri, na pesa sawa na nauli ya treni, lakini hakuwachagulia usafiri. Wakaenda na gari la mmoja wao. Walipomaliza kazi, baada ya kukesha nayo, wakaondoka asubuhi bila kulala vya kutosha. Gari likaacha njia, likavunja ukuta wa matofali, wote wawili wakaumia vibaya.

Gari la mfanyakazi mwenyewe, na bima hana. Kama la kwangu! Kesi ilipanda hadi kwa majaji wa juu kabisa wa nchi ile, nao mwaka 1989 wakasema mwajiri alipe, kwa sababu watu wale walikuwa wakisafiri ndani ya muda wanaolipwa mshahara. Safari yenyewe ilikuwa sehemu ya kazi.

Katika hukumu hiyo, Lord Lowry alipanga mambo vizuri. Safari ya nyumbani na kazini ni yako, isipokuwa kama mkataba unakulazimisha kutumia usafiri wa mwajiri. Safari ya kutoka kituo kimoja cha kazi kwenda kingine, ndani ya muda wa kazi, ni ya mwajiri. Ukilipwa mshahara kwa muda ule wa kusafiri, hiyo ni dalili kubwa kwamba uko kazini. Posho ya nauli peke yake haitoshi. Hukumu hiyo haimfungi jaji wetu, lakini wakili anaweza kuibeba mahakamani na akasikilizwa.

Sasa nikakumbuka kitu. Siku ile buti la gari lilifunguka, maboksi yakamwagika barabarani!

KARATASI YA KUFUNGIA KARANGA

Nikarudi External kwa mama anayeuza karanga pale kituoni, ndiye aliyekusanya yale maboksi. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, mguu unaendeleaje? Yule kijana hata hakuulizia maboksi kwanza. Alipokurudisha akili ndiyo akapiga simu, anamwambia mtu, 'Bosi, mzigo wa Kimara hautafika leo.'"

Kisha akatumbukiza mkono kwenye kikapu, akatoa karatasi iliyokunjwa. Ilitoka kwenye maboksi, akaiweka afungie karanga. Ilikuwa hati ya kupelekea mzigo: muhuri wa kampuni, tarehe ya Ijumaa ile ile, na jina la duka moja la Kimara.

Nikamtafuta dereva. Kwa nini polisi aliandika "nilikuwa narudi nyumbani"? Alinitazama chini. "Kaka, nina watoto wawili. Ningesema nimetumwa, kesho yake sina kazi. Na si uongo, nyumbani nilikuwa naenda. Bosi alisema, we si unaishi huko huko, pitisha na huu mzigo."

Wasomaji, mabosi wangapi mjini hapa wanafanya hivyo? "We si unapita huko?" Wanaokoa mafuta, wanaokoa dereva, gari unatoa wewe. Siku likitokea la kutokea, ulikuwa unarudi nyumbani!

Wakili wangu aliandika barua moja tu, akaambatanisha nakala ya karatasi ile na maelezo ya mama wa karanga. Mahakamani hatukufika. Kampuni ililipa hospitali na kipato nilichopoteza nikiwa kitandani. Dereva alihamishiwa stoo, mshahara ule ule. Mama wa karanga nilimpelekea kitenge.

UFANYEJE?

Ukigongwa, chukua PF3 na namba za gari, halafu soma tarehe kwenye bima. Lakini usiishie hapo. Uliza dereva anatoka wapi, anakwenda wapi, nani kamtuma, amebeba nini. Andika majina ya walioona, maana kesho maneno yatabadilika. Kumbuka faini anayotozwa dereva na mahakama haiingii mfukoni mwako, fidia unaidai mwenyewe, na kwa kawaida madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3.

Na wewe mwenye kigari chako unayekitumia kazini, usijidanganye kwamba bosi ni mwavuli wako. Asubuhi na jioni mwavuli umefungwa. Akikuambia "pitisha na huu mzigo", mwombe akuandikie, hata ujumbe wa simu unatosha, na bima yako iwe hai, nawe mwulize mwenye bima kama inakubali gari kubeba mizigo ya kazi. Maana hata bosi akibanwa kulipa, wewe uliyekosea hujatoka, mnaweza kudaiwa wote wawili.

Mimi sasa natembea bila magongo, ingawa mvua ikikaribia mguu unatangulia kunipa habari. Na nikipita External sinunui karanga kwa mtu mwingine.