Unaenda Dahab? Mlima Kwanza, Bahari Baadaye, na Usilipe Yote kwa Siku Moja

Sisi Wakenya tuna jangwa na tuna bahari, ila haviko mahali pamoja. Ukitaka michezo ya majini unashuka Diani au Watamu. Ukitaka jangwa unaelekea Marsabit au Turkana. Dahab, mji mdogo kwenye rasi ya Sinai nchini Misri, una vyote viwili. Nyuma ya nyumba imesimama milima mikavu isiyo na hata kichaka, na mbele, hatua chache tu kutoka barabarani, yanaanza matumbawe ya Ghuba ya Aqaba, mkono mmoja wa Bahari ya Shamu. Jina la mji halihitaji mkalimani. Dahab ni dhahabu, neno lile lile tulilopata kutoka kwa Kiarabu.

Kama umekuwa ukiweka akiba kidogo kidogo kwa simu ili ufike huko, soma hii kabla hujatuma hata shilingi.

Kwanza, mambo ya kufanya. Kuna upepo wa kaskazini unaovuma sehemu kubwa ya mwaka na kupata nguvu zaidi miezi ya joto, ndiyo maana watu wa ubao wenye tanga na wale wa kuvutwa na tiara wanapapenda. Anayejifunza hupelekwa kwenye wangwa uliokingwa na ulimi wa mchanga. Maji hapo yametulia, na ukianguka unasimama kwa miguu yako. Kama hutaki masomo, kodi miwani na mrija wa kupumulia, uingie majini ukitokea ufuoni. Si lazima mashua. Matumbawe yako karibu hivyo. Vaa viatu vya maji na usishike kitu. Baadhi ya samaki wa huko wana miiba yenye sumu na wanafanana kabisa na mawe.

Halafu kuna Blue Hole, shimo la bahari lililo kilomita chache kaskazini mwa mji, lenye kina cha takriban mita 100. Ukielea juu kwenye ukingo wake na miwani, ni mahali pazuri ajabu. Lakini kwenye jabali la ufuoni kuna vibao vya kumbukumbu vyenye majina ya wazamiaji waliofia humo. Wengi walikuwa wakitafuta tao linalounganisha shimo na bahari ya wazi, ambalo linaanzia zaidi ya mita 50 chini. Maji ni maangavu mno hata tao linaonekana karibu kuliko lilivyo, na kwa kina hicho hewa ya kawaida ya mtungi inalevya akili. Cheti cha kwanza cha uzamiaji kinakuruhusu mita 18, na kiwango cha juu cha uzamiaji wa kujiburudisha ni mita 40. Mtu akikuambia "twende tu, cheti si lazima, nitakupa bei poa," rudisha pesa mfukoni. Kituo kinachojali hukuuliza cheti chako kabla ya kukuuliza pesa.

Safari nyingine ambayo karibu kila mgeni huifanya ni Mlima Sinai, wenye urefu wa mita 2,285. Watu huupanda usiku ili walione jua likichomoza, kisha wanateremka hadi monasteri ya Mtakatifu Katerina, iliyojengwa karne ya 6. Hapa ndipo ratiba inapowaponza watu. Ukizamia na mtungi, gesi ya nitrojeni inayeyuka ndani ya mwili wako na inahitaji muda kutoka polepole. Ukipanda juu haraka, kwa ndege au kwa gari linaloelekea milimani, gesi hiyo inaweza kutengeneza mapovu kwenye damu na viungo. Unaweza kupooza. Ushauri wa kawaida ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 au zaidi ukiwa umezamia mara kadhaa. Mimi ningeweka siku nzima na nilale vizuri.

Kwa hivyo: panda mlima siku za mwanzo, zamia katikati, na siku ya mwisho ubaki mkavu. Siku hiyo nenda na ngamia, au kunywa chai kwa Wabeduini. Pia soma bima yako ya safari mstari kwa mstari, kwa sababu nyingi haziguswi na uzamiaji mpaka uongeze kidogo.

Sasa pesa. Malipo nayo yafuate mpangilio. Viza na cheti cha homa ya manjano ndizo za kwanza. Usilipie hoteli isiyorudisha pesa kabla viza haijatoka. Kisha tikiti. Masomo ya tanga na uzamiaji lipa ukifika, au lipa sehemu ndogo tu mapema.

Matapeli wanajua kwamba una haraka. Unaona picha za maji ya buluu kwenye mtandao, bei ni nusu ya wengine, nafasi "zimebaki mbili", na pesa zitumwe kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Simama hapo. Wakala halali wa safari nchini ana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, na namba yake ya till au paybill huonyesha jina la biashara kabla hujathibitisha. Kama jina linalotokea silo la kampuni uliyozungumza nayo, bonyeza kughairi na uulize.

Ukifika Dahab, mwenye duka hatapokea pesa kutoka kwa simu yako moja kwa moja. Kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti yako ya simu itakusaidia kulipia hoteli na tikiti mtandaoni, lakini huwezi kuichomeka kwenye ATM. Beba kadi ya benki pia, utoe pauni za Misri, na utafute noti ndogo ndogo. Mwenye ngamia hana chenji. Mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa pauni, chagua pauni. Ukichagua shilingi, wao ndio wanaoamua kiwango cha kubadilisha, na mara nyingi ni kibaya.

Kabla ya kuondoka JKIA, washa huduma ya kutumia laini yako nje ya nchi. Kadi nyingi hutuma msimbo wa uthibitisho kwa SMS, na kama laini imelala, malipo yatakwama ukiwa mbele ya kaunta ya hoteli. Msimbo huo ni wako peke yako, na PIN pia, hata kama anayeuliza anakuita "mteja wetu mpendwa".

Ukirudi nyumbani, kagua makato ya wiki hizo. Ukiona lolote usilolijua, funga kadi ya mtandaoni na upigie huduma kwa wateja siku hiyo hiyo.