Kutoka Bala hadi Devi: Jina lililotolewa jasho

WAHENGA walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Hawakutuambia, hata hivyo, ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kwamba jina hili ni jema na lile si jema. Swali hilo hunijia kila nitafakaripo maisha ya Kanan Devi, mwigizaji na mwimbaji mashuhuri wa Kibengali, aliyezaliwa Howrah, ng'ambo ya mto kutoka Calcutta, mwaka 1916, na kufariki dunia mwaka 1992.

Katika ujana wake, bibi huyu hakuitwa Kanan Devi bali Kanan Bala. 'Kanan' ni kijisitu au bustani ya miti. 'Bala' ni msichana. 'Devi' ni mungu wa kike, na tena ni neno la heshima ambalo wanawake wa tabaka za juu huongezwa baada ya majina yao. Asiyejali mambo ya lugha ataona hapa tofauti ya silabi mbili tu. Watu wa Calcutta wa zama zile waliona ukuta mrefu. Upande mmoja walikuwapo mabibi wa nyumba zenye hadhi. Upande wa pili walikuwapo wanawake wa jukwaani, ambao wengi wao walitoka mitaa ya makahaba, na ambao majina yao aghalabu yaliishia kwa Bala au Dasi, yaani mjakazi.

Ukuta huo haukuanza na Kanan. Mwaka 1883 lilifunguliwa jijini humo jumba la tamthilia lililojengwa kwa kujitolea kwingi kwa mwigizaji Binodini Dasi. Alikuwa ameahidiwa kwamba jumba lingeitwa kwa jina lake. Siku ilipowadia, liliitwa Star. Ilihofiwa kwamba waungwana wasingeingia penye jina la mwanamke kama yule, ijapokuwa waungwana hao hao ndio waliofurika kumtazama akiigiza.

Kanan alikulia katika ufukara. Alipofariki mtu aliyemjua kama baba, yeye na mama yake waliishi kwa kufanya kazi katika nyumba za wengine. Akiwa na umri wa miaka kumi hivi, alitiwa katika filamu bubu iliyoitwa Jaidev, mwaka 1926. Hakuingia studio kwa kutafuta sifa; aliingia kwa kutafuta chakula. Miaka mitano baadaye, katika filamu ya Jorebarat, mwigizaji mwenziwe alimkumbatia na kumbusu ghafla mbele ya kamera. Ilikuwa amri ya mwelekezi, naye Kanan hakuwa ameambiwa lolote. Jeraha hilo alilisimulia mwenyewe baadaye. Binti wa nyumba yenye hadhi asingefanyiwa hivyo pasipo mtu kuulizwa. Lakini Bala alikuwa na nani wa kuulizwa?

Filamu zilipoanza kutoa sauti, hali yake ilianza kubadilika, kwa maana utajiri wa Kanan ulikuwa kooni. Manmoyee Girls' School ya mwaka 1935 ilimtia katika vinywa vya watu. Mwelekezi Pramathesh Barua alimtaka kwa filamu yake ya Devdas mwaka huo huo, ila mkataba aliokuwa nao kwingine ukamfunga. Wawili hao walikutana katika Mukti, mwaka 1937, chini ya kampuni ya New Theatres. Mwaka huo pia alitokea katika Vidyapati, na mwaka 1938 akaigiza na kuimba na K. L. Saigal katika Street Singer.

Mukti yastahili kutajwa kwa sababu moja zaidi. Ndani yake, chini ya usimamizi wa mwanamuziki Pankaj Mullick, Kanan aliimba wimbo wa Rabindranath Tagore. Nyimbo za mshairi huyo zilikuwa zimezoeleka zaidi katika mabaraza ya wasomi. Filamu na santuri zilizifikisha kwa karani, kwa mwenye duka na kwa mpita njia. Basi sauti ya binti wa Howrah ikaingia katika nyumba ambazo mwenyewe asingekaribishwa ukumbini.

Hili lilidhihirika shahiri mwaka 1940, alipoolewa na Ashok Maitra, mwana wa mwalimu mkubwa wa jamii ya Brahmo, watu waliojulikana kwa elimu na maadili makali. Ndoa hiyo ilizua kelele. Tagore mwenyewe aliwatakia heri maarusi, naye akalaumiwa kwa hilo. Kanan alitakiwa aiache filamu. Hakuiacha. Mwaka 1942 aliigiza katika Shesh Uttar, pamoja na Jawab, toleo lake la Kihindi, ambamo wimbo wa Toofan Mail, unaohusu gari moshi liendalo kasi, ulivuma kote India. Mwaka 1945 ndoa ilivunjika.

Wako wasemao kwamba hapo ndipo alipolipia ukaidi wake. Mimi naona kwamba hapo ndipo alipokataa kuinunua heshima kwa bei ya kazi yake. Mwaka 1949 aliolewa tena, na karibu na wakati huo akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya filamu. Aliiita Shrimati Pictures. 'Shrimati' ni neno la Kihindi na Kibengali la kumtaja mwanamke kwa heshima, mfano wa 'Bibi' kwetu. Lakabu ambayo watu walikuwa wakimpimia kwa kibaba, yeye aliichapa juu ya milango ya kampuni yake. Kampuni hiyo ilitengeneza filamu kutokana na hadithi za Sarat Chandra Chattopadhyay, naye Kanan akawa miongoni mwa waliohimiza kusaidiwa kwa waigizaji wa kike waliozeeka katika umaskini. Mwaka 1973 alichapisha kumbukumbu zake, na serikali ya India ikamtunukia tuzo ya Dadasaheb Phalke ya mwaka 1976, iliyo kubwa kuliko zote katika filamu za nchi hiyo.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kisa hiki si kigeni. Siti binti Saad wa Unguja, aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Shaaban Robert alituandikia wasifu wake, nasi twausomesha. Lakini je, twawauliza wanafunzi safari ya kutoka 'Mtumwa' hadi 'Siti' ilikuwa ya masafa gani, na nani alilipa nauli?

Walimu wenzangu, katika shule zetu wamo mabinti wenye sauti za dhahabu. Siku ya tamasha twawapigia makofi na kupiga nao picha wakiwa wameshika vikombe. Wiki ifuatayo twawaonya kwamba uimbaji ni kazi ya wahuni. Hatujui kwamba kwa neno hilo moja twawarudisha upande wa Bala. Na binti aliye kidato cha pili leo hana kampuni ya kuchapa jina lake mlangoni; ana mwalimu wake tu, na neno ambalo mwalimu huyo atachagua kumwitia.