Mwendesha mitambo na darasa la fasihi

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Machi 2005, zamu ya usiku katika kiwanda cha kusafisha mafuta kilichokuwa cha BP huko Texas City, Marekani, iliachia zamu ya asubuhi mstari mmoja tu katika daftari. Ulisema, kwa ufupi, kwamba mafuta yameingizwa kwenye mtambo. Ni kiasi gani, na yamekaa sehemu ipi, haukusema. Waliopokea zamu wakaendelea kuongeza. Mchana mnara wenye kimo cha meta 50 hivi ulifurika, mafuta mepesi yakaruka nje kupitia bomba refu lililo wazi juu, na wingu la mvuke wake likashika moto. Watu 15 walikufa na 180 wakajeruhiwa.

Nauanza mjadala wa mitaala ya vyuo na mkasa huu kwa sababu kuna lalamiko lisilokwisha katika vyuo vya jamii vya pwani ile ya Texas: mtu amekuja kusomea kazi ya kiwandani, kwa nini alazimishwe kuandika insha, kuchambua hadithi fupi au kukaa darasani akitazama filamu?

Kwanza vyuo vyenyewe. Chuo cha jamii ni chuo cha umma cha miaka miwili, chenye ada nafuu, kinachomhudumia mkazi wa eneo lake. Kile cha Joliet, Illinois, kilichoanza mwaka 1901 na wanafunzi sita, ndicho kikongwe kuliko vyote vya umma vilivyopo. Msomaji wa Tanzania asikichanganye na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kwani chuo cha jamii hutoa shahada ya miaka miwili, na mwenye nia anaweza kuvuka nayo kwenda chuo kikuu. Kando ya mfereji wa meli wa Houston na ghuba iliyo jirani, vyuo hivi vimekua bega kwa bega na viwanda. Lee College kiko Baytown tangu 1934, na College of the Mainland kiko Texas City kwenyewe tangu 1967.

Kozi inayopeleka watu viwandani huitwa teknolojia ya uchakataji. Mwanafunzi hujifunza kusoma michoro ya mabomba na vali, kuelewa pampu, matangi na minara inayotenganisha vimiminika kwa joto, kisha hufanya mazoezi kwenye kompyuta inayoigiza chumba cha udhibiti. Shahada nzima ina krediti zipatazo 60. Kwa masharti ya chombo kinachoithibitisha elimu ya juu ya majimbo ya kusini, krediti 15 kati ya hizo, yaani robo, lazima ziwe za elimu ya jumla, na mojawapo ya kozi hizo itoke kwenye sanaa au taaluma za utu. Hapo ndipo fasihi na filamu zinapoingia.

Turudi kwenye mnara. Kipimo chake cha kina kiliwekwa kupima meta chache za chini tu. Mafuta yalipopita hapo, kiliendelea kutoa namba, tena namba zinazoshuka taratibu, huku ndani mafuta yakipanda. Mwalimu wa fasihi ana jina la jambo hili: msimulizi asiyeaminika. Anachofundisha ni tabia ya kulinganisha maneno ya msimulizi na ushahidi mwingine uliomo kwenye hadithi. Kama mafuta yanaingia na hayatoki, kipimo kinachosema yanapungua kinadanganya. Lakini pale Texas City kiasi kinachoingia na kinachotoka havikuonyeshwa kwenye skrini moja. Anayesomea filamu huzoezwa kuuliza ni nini kimeachwa nje ya fremu, na nani aliamua kiachwe. Sijui swali linalomfaa zaidi mtu anayekaa mbele ya skrini kwa saa 12.

Nisivuke mipaka. Riwaya haitengenezi kipimo kibovu. Ripoti ya bodi ya shirikisho inayochunguza ajali za kemikali, iliyotoka mwaka 2007, iliweka uzito kwenye kubana matumizi, mitambo iliyochakaa na uchovu: mtu aliyekuwa mbele ya skrini alikuwa amefanya kazi angalau siku 29 mfululizo. Huwezi kumdai mtu wa namna hiyo usomaji makini. Lakini ripoti hiyohiyo ilitaja makabidhiano mabaya ya zamu, na makabidhiano ni maandishi. Bodi yenyewe ilitoa filamu ya mkasa huo mwaka 2008. Ningekuwa mwalimu ningeionyesha katika darasa la filamu, siyo la usalama peke yake, nikauliza kamera imesimama upande wa nani.

Kosa la vyuo vingi ni kuyatenga madarasa haya kana kwamba hayajuani. Hata historia inakataa. Filamu za zamani zilikuwa za selulosi ya naitreti, ndugu wa baruti, zilizoteketeza majumba ya sinema kabla ya Kodak kuacha kuzitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwalimu wa kemia na wa filamu wangeweza kugawana wiki nzima juu ya hilo.

Kuna jambo la mfukoni pia, la kuzingatiwa na wenye ndugu Houston wanaofikiria njia hii. Vyuo vya umma vya Texas hutumia namba za kozi za pamoja. ENGL 1301 ni Kiingereza cha mwaka wa kwanza, krediti tatu, popote pale, na chuo kikuu cha umma cha jimbo hilo huipokea kama sehemu ya masomo ya msingi. Kozi zenye herufi PTAC, za teknolojia ya uchakataji, mara nyingi hazipokelewi pale anayehama anapotaka kuwa mhandisi. Kwa hiyo darasa lililolalamikiwa ndilo linalosafiri, na zile zilizopendwa hubaki nyuma. Swali la kumuuliza mshauri wa masomo, kabla ya kulipa ada, ni kozi zipi katika zile krediti 45 nyingine ambazo chuo kikuu kimekubali kwa maandishi kuzipokea.