Kasi ya Maji Yanayojaa

Kila mkaazi wa mwambao ajua kwamba maji yajaapo hayapandi kwa mwendo mmoja, bali huanza taratibu, yakashika kasi katikati, kisha yakalegea yakaribiapo ukomo wake. Lakini kuuliza yanapanda kwa kasi gani hasa katika nukta hii ya wakati ni swali lililowashughulisha maulamaa wa hisabati kwa karne nyingi, hata Newton wa Uingereza, katika miaka ya 1665 na 1666, na Leibniz wa Ujerumani, aliyechapisha njia yake mwaka 1684, walipolipatia jawabu.

Taabu yenyewe ni kwamba kasi hupatikana kwa kugawanya badiliko kwa muda uliopita, na katika nukta moja hapana muda uliopita. Dawa yake ni kuubana muda. Tuchukue siku ya bamvua, maji yakipanda sentimita 400 kwa saa 6 na dakika 12 hivi, na tukadirie kuwa mwendo wake ni wa wimbi lililolingana. Wastani wa muda wote ni sentimita 64 kwa saa. Ukizishika saa mbili za katikati peke yake, ni 97. Saa moja, 100. Dakika kumi, 101. Na hata ukizidi kubana, jawabu halitoki hapo ila kwa sehemu ndogo mno. Kikomo hicho ndicho kasi ya badiliko kwa wakati. Na ajuaye kanuni hukipata mara moja, kwa kuzidisha 200, nusu ya kimo, kwa 6.28, kisha kugawanya kwa saa 12.42 za duru nzima.

Faida yake aijua nahodha aliyepwelewa. Chombo kikikosa sentimita 30 kielee, naye yumo katikati ya kujaa, atangoja dakika 18 tu. Lakini akizikosa hizo hizo saa moja kabla ya maji kutimia, hatoki, kwani saa hiyo ya mwisho huleta sentimita 25 basi.

Maji yakitimia, kasi ni sifuri, kisha huwa hasi. Hata hivyo sifuri hiyo si utulivu, maana kasi yenyewe ingali ikibadilika. Na badiliko hilo la kasi, wala si kasi, ndilo Newton alilolifungamanisha na nguvu katika kitabu chake cha mwaka 1687, ambamo pia alibainisha kuwa bahari huvutwa na mwezi na jua.