Fahamu: Bakari Mwamnyeto, beki wa Tanga aliyekuwa nahodha wa Yanga

Bakari Mwamnyeto ni beki wa kati aliyetokea Coastal Union ya Tanga. Msimu wa 2015/16 ulikuwa mchungu kwa mkoa huo: Coastal, African Sports na Mgambo Shooting, timu ya kikosi cha JKT kilichopo Handeni, zilishuka daraja kwa pamoja. Mashabiki wa Korogwe na Handeni wakabaki bila timu ya nyumbani Ligi Kuu hadi Coastal iliporejea msimu wa 2018/19.

Mwamnyeto aling'ara akiwa na Coastal kwenye Uwanja wa Mkwakwani, na mwaka 2020 Yanga ikamsajili. Msimu wa 2021/22 Yanga ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo, naye akiwa nahodha.

Kipimo kikubwa zaidi kilikuja 2023, Yanga ilipocheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kwa mara ya kwanza. USM Alger ilishinda 2-1 Dar es Salaam, Mei 28. Juni 3, Yanga ikashinda 1-0 Algiers kwa penalti ya Djuma Shabani. Jumla ikawa 2-2, lakini kombe likaenda kwa Waalgeria kwa mabao ya ugenini. Kwa beki, hakuna hesabu inayouma kuliko hiyo: mabao mawili yaliyoruhusiwa nyumbani ndiyo yaliyoamua.