Mgeni Akinyamazishwa, Anayeumia ni Mbwa

Katika makundi ya WhatsApp na Facebook ya wafugaji wa mbwa na paka, swali la mgeni huja kwa sura inayofanana. Mtoto wa mbwa ana wiki tisa, tangu jana hataki kula, anatapika, na asubuhi ameharisha damu. Mwenyewe anauliza ampe dawa gani. Majibu ya kwanza mara nyingi ni vikatuni vya kucheka, kisha "si ungeuliza kabla hujanunua?", kisha mtu anaandika kwamba watu wa namna hii wasiruhusiwe kufuga. Muda si mrefu mgeni anajitoa kwenye kundi na mazungumzo yanarudi kwenye bei ya chakula. Hilo ni zaidi ya utovu wa adabu. Mtoto wa mbwa mwenye dalili hizo huenda ana ugonjwa wa virusi uitwao parvo, na asipotibiwa mapema anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3. Aliyefukuzwa na kejeli ni mwenye mbwa, lakini adhabu imemwangukia mnyama.

Wenyeji husahau kwamba wanayoyajua hayagunduliki kwa busara tu. Muuzaji akisema mtoto wa mbwa "ameshachanjwa", mgeni ana sababu gani ya kushuku? Hajui kwamba kinga aliyoipata mtoto kwa kunyonya inaweza kuizima chanjo, ndiyo maana madaktari wa mifugo huirudia kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe angalau wiki 16. Kwa paka mambo ni magumu zaidi. Paracetamol, ambayo mzazi humpa mwanawe mwenye homa bila wasiwasi, inaweza kumuua paka hata kwa kidonge kimoja, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja sumu yake. Dawa ya viroboto yenye permethrini iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa nayo humletea paka degedege. Yote haya kila mwenyeji aliyajua kwa kuambiwa na mtu. Anayeogopa kuchekwa hatauliza. Atafungua kabati la dawa za nyumbani na kujaribu.

Ukimya wa namna hii umechunguzwa. Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alifuatilia makosa ya utoaji dawa katika hospitali za Marekani, akakuta timu zinazoongozwa vizuri zinaripoti makosa mengi kuliko nyingine. Alieleza kwamba hazikuwa zikikosea zaidi, bali watu wake walikuwa huru kusema, na kwingine makosa yalifichwa. Kundi la wafugaji lisilo na "maswali ya kijinga" lisijisifu, basi, kwamba limejaa wajuzi. Tena swali la mgeni huwanufaisha wenyeji wenyewe. Watu watatu wa mtaa mmoja wakiuliza wiki hiyohiyo kuhusu kuharisha damu, jirani zao wamepata onyo la kuwafungia ndani watoto wa mbwa wasiokamilisha chanjo.

Dharau nyingine humwangukia anayefuga mbwa koko. Akituma picha, anaulizwa kama huyo naye ni mbwa wa kupigwa picha. Dharau hiyo nayo ina gharama. Kichaa cha mbwa kinakadiriwa kuua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na Shirika la Afya Duniani linashauri kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa ili kukata maambukizi. Kiwango hicho hakifikiwi kwa German Shepherd wa mageti makubwa peke yao. Kinamhitaji huyuhuyu mwenye mbwa koko, na taarifa ya siku ya chanjo ya bure itamfikaje akiwa ameshajitoa?

Wenyeji watasema wamechoka kujibu swali moja kila siku, na uchovu huo ni wa kweli. Dawa yake ni admini kubandika juu jibu fupi lililohakikiwa na daktari: muulizaji ataje umri wa mnyama, chanjo alizopata, na lini alikula na kunywa mara ya mwisho, kisha namba za kliniki za karibu. Mgeni akiuliza, aelekezwe hapo kwa sentensi moja ya heshima. Aliyechoka hata hiyo anyamaze, mwingine atajibu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba upole huwalea wakatili. Sikubali kwamba kuheshimu ni kuficha ukweli. Anayemfunga mbwa mnyororo mfupi juani mchana kutwa aambiwe waziwazi kwamba anamtesa, na katika ujumbe huohuo aambiwe aanze na kivuli, maji na kamba ndefu leo. Akitukanwa, ataondoka kundini, na mbwa atabaki palepale juani bila mtu yeyote wa kumuulizia hali yake kesho.